Waya wa Chungwa

Jerome alimsingizia Mwahija hewani. Alilitaja jina lake kwenye simu ya upepo, asubuhi, wakati ambapo wanunuzi wote wa pweza wa pwani hii huwa wamewasha redio zao kupeana bei, kuanzia Kinjumbi mpaka Mchinga. Alisema nyaya alizotengeneza mwanamke huyo, zile watu wanazoziita mikia ya Mama Warda, zinaunguza redio, watu wasizitumie tena. Nyaya zile hakuzitengeneza yeye, na Jerome alijua. Hilo ndilo kosa, na ni vizuri lijulikane mapema, kabla mtu hajaanza kuuliza mwanamke asiyesoma alikuwa anatafuta nini kwenye mambo ya kompyuta.

Mwahija aliyasikia kwa masikio yake. Alikuwa amekaa kwenye benchi uani kwa Khamisi, wakala wa pweza wa Kilwa Masoko, akingoja kukabidhiwa redio ya mkononi iliyokatika antena. Redio kubwa ya Khamisi ilikuwa dirishani, imegeuzwa iangalie uani ili na wabeba barafu wasikie. Sauti ya Jerome ilitoka humo imekwaruza kidogo, lakini hakuna neno lililopotea.

"Vituo vyote, vituo vyote, hapa Jerome, Masoko. Mikia ya Mama Warda isichomekwe tena. Imeunguza redio za Mchinga. Nasikitika kusema hivyo, lakini kazi ni kazi. Ova."

Wabeba barafu waligeuza shingo wakamtazama. Mmoja wao, mtu wa maskhara siku zote, akasema, "Mama, leo umetoka redioni bila kulipia tangazo."

Hakuna aliyecheka sana. Khamisi alitoka ndani na ile redio mkononi, akasimama mlangoni, akaitazama antena yake iliyokatika kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Dada Mwahija," akasema, "hii tuiache kwanza."

"Tuiache mpaka lini?"

"Tuiache tu, dada yangu."

Mwahija akanyanyuka, akajifunga kanga vizuri, akaondoka. Njia nzima alikuwa anasikia redio zikizungumza kwenye madirisha ya watu, na kila aliyekuwa mlangoni alionekana kwake kama mtu ambaye tayari ameshaambiwa.

Mwahija alizaliwa Kinjumbi. Mwaka aliotakiwa kuandikishwa shule mama yake alikuwa mgonjwa wa kulala, na baba akasema, "Huyu ataanza mwakani." Mwakani hiyo haikufika. Kaka zake walisoma, wakajua kuandika barua za kuomba kazi, wakaondoka. Yeye alibaki akijua kuhesabu, na herufi alizitambua kama anavyotambua nyuso za watu wa mtaani: anajua huyu ni yule, lakini hajui jina lake.

Akaolewa Kivinje na Abilahi, fundi redio. Abilahi alikuwa mtu mzuri mwenye mdomo. Macho yake yalipoanza kuziba kwa mtoto wa jicho, alimweka mkewe pembeni ya meza akamfundisha kushika chuma cha kulehemu, kupima kwa mita, kutofautisha transista nzima na iliyokufa. "Mkono wako, macho yako, akili yangu," alikuwa akiwaambia wateja, nao wanacheka. Mwahija hakulipenda lile neno la tatu, lakini alinyamaza, kwa sababu kazi ilikuwa inatoka mikononi mwake na kila mwenye macho alikuwa anaiona.

Abilahi alipofariki, ndugu zake walikuja matanga hayajaanuliwa. Walichukua mita, wakachukua sanduku la vipuri, wakachukua hata kigoda alichokalia marehemu. Chuma cha kulehemu hawakukiona. Mwahija alikuwa amekisukuma ndani ya pipa la mchele tangu aliposikia hodi ya kwanza, akawapikia chakula cha mchana kutoka pipa hilo hilo. Tangu siku ile hakuacha kitu chake machoni pa watu. Mgeni akiingia kwake, kwanza anatazama macho ya mgeni yanakwenda wapi, halafu ndipo anaitikia salamu.

Alihamia Masoko na binti yake Warda, ambaye baadaye aliolewa Lindi, naye akabaki peke yake akitengeneza redio barazani. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Zamani simu za upepo zilikuwa za serikali, polisi na misheni; mtu wa kawaida akionekana na antena juu ya paa anaulizwa maswali. Ruksa ilipokuja, watu wa pweza, watu wa mbao, wenye malori, kila mmoja alishuka Dar es Salaam akanunua simu za upepo za mitumba. Zilikuja na tabia za huko zilikotoka. Ukiiwasha, chaneli zake ni za watu wa huko Ulaya waliokwisha kuzisahau, na huwezi kuzibadili kwa kidole. Lazima redio ifunguliwe kwa kompyuta, iambiwe masafa mapya. Kwa hiyo zilirudishwa Dar kwa basi, zikavuka Rufiji kwa kivuko, na masika yakikolea hukuwa unajua kama utaziona tena.

Kompyuta Masoko alikuwa nayo Jerome. Jerome ni mtoto wa wakulima wa uwanda wa Makonde, alisoma seminari akaacha njiani, akaja kufungua duka la steshenari karibu na soko. Alichapa kadi za harusi na barua za maombi, dada yake Devota akikaa kwenye mashine. Ile programu ya kufungulia redio alikuwa ameipata kwenye diski. Kitu alichokosa ni waya wa kuunganisha redio na kompyuta, kwa sababu kila aina ya redio ina mdomo wake, na waya wake halisi ulikuwa hauonekani hata Dar.

Waya huo aliupata kwa Mwahija. Jerome alikuwa amenunua kompyuta chakavu za ofisi moja kule Lindi, na pamoja nazo akapewa boksi zima la panya wake, vile vidude vya kuongozea mshale, vyote vimekufa. Mwahija alikuwa amekuja kurekebisha swichi ya ukutani. Akamwokota mmoja kwa mkia, akautazama ule mkia mpaka mwisho, akaona plagi yake inaingia yenyewe kwenye tundu la nyuma la kompyuta.

"Huyu anatupwa?" akauliza.

"Chukua, mama. Ukapike."

Akachukua. Alimkata kichwa, akauchuna mkia, akazikuta ndani nyaya za rangi mbalimbali nyembamba kama tambi. Kazi haikuja mara moja. Alipima, akakosea, akapima tena, akaunguza redio mbovu ambazo hakuna aliyezililia. Mwisho akajua waya gani unasema, waya gani unasikia, na waya gani unabeba ile nguvu ya kompyuta ambayo redio haiwezi kuistahimili. Katikati ya mkia akaweka transista na vitu vyake vidogo vya kupunguza nguvu, akavifunga ndani ya kichupa cha wanja kilichokwisha, akamimina nta ya mshumaa juu. Upande wa pili akaweka plagi ya kuingia kwenye sikio la redio. Jerome alichomeka, akabonyeza, na redio iliyokuwa ya watu wa Ulaya ikaanza kuongea na Songo Songo.

Hivyo ndivyo ilivyoanza mikia ya Mama Warda. Watu wa redio walifurahi, na maneno hayakukosa.

"Mama Warda, leo umekamata panya wangapi?"

"Mimi sikamati. Wanakufa wenyewe kwa kukaa ofisini."

Yeye alitengeneza mikia, Jerome alifungua redio, na wote wawili walikula. Nassibu, fundi redio wa sokoni, alisema hadharani kwamba mwanamke hawezi kazi ile, kuna mwanamume nyuma ya pazia. Mwahija alimwacha aseme. Alikuwa na jina sasa, na lilikuwa lake, halikuwa la Abilahi wala la kaka zake. Hata Kinjumbi, ambako hakuna aliyemkumbuka tangu aolewe, mnunuzi akishika mkia alisema, "Huu wa Mwahija wa huku kwetu."

Ikaja siku moja ya mvua, dukani hakuna mteja, Jerome akavuta kiti.

"Mama Warda, na ukiugua?"

"Nikiugua nitapona."

"Nasema kama. Mtu aje na redio, mkia umekatika, wewe uko kitandani. Mimi nifanye nini, nimwimbie?"

Devota alicheka kule kwenye mashine. Mwahija hakucheka. Aliyatazama macho ya Jerome yanakwenda wapi, nayo yalikuwa yametulia tu usoni kwake, macho ya mtu anayeuliza jambo la maana. Na kweli alikuwa ameanza kusumbuliwa na kifua masika yale. Akafikiri, akaona aibu kumnyima mtu aliyekula naye. Akamweleza kwa mdomo, bila kufungua mkia wowote, kwa sababu kuvunja nta ni kuharibu kazi.

"Mweupe ni wa ardhi, huo unapita moja kwa moja. Mwekundu unasikia. Chungwa ndio unaosema, huo unatoka kwenye kichupa unakwenda mdomoni kwa redio. Ule mkali, wenye nguvu, unaishia ndani ya kichupa. Usitoke. Ukitoka umeua redio."

"Chungwa unatoka, mkali unaishia," Jerome akarudia.

"Rudia tena."

"Chungwa unatoka, mkali unaishia."

Aliyarudia vizuri, kama mtu anayejua kukariri sala. Mwahija akarudi nyumbani na moyo mzito bila kujua kwa nini. Alipofika alitazama ndani ya pipa la mchele. Chuma kilikuwamo.

Mvua zilipokatika ndipo likaja lile tangazo la asubuhi.

Mwahija alijua jambo moja tu: mkia wake hauunguzi. Kwa hiyo ile iliyounguza redio za Mchinga si yake, na aliyeitengeneza ameifananisha na yake. Aliketi barazani akapanga watu kichwani. Jerome alimweka mwisho, kwani Jerome alikuwa na sababu ya kukasirika kama mtu mwingine yeyote aliyeuziwa kitu kibaya. Wa kwanza alikuwa Nassibu.

Alimkuta kibandani kwake, kichwa kimeinama juu ya redio.

"Karibu, mtangazaji," akasema Nassibu.

"Aliyetangazwa ni mimi. Mtangazaji ni mwingine. Nionyeshe mikia yako."

"Nani kakwambia nina mikia?"

"Nassibu, mimi sina askari. Nataka kuona tu."

Nassibu alinung'unika, akavuta droo, akatoa mkia mmoja. Haukuwa na kichupa cha wanja. Aliufunga kwa mpira mweusi wa tairi la baiskeli. Mwahija akaufungua pale pale. Akaukuta waya unaotoka ndio unaopaswa kutoka, na ule mkali umekatwa umefunikwa vizuri.

"Uliujuaje?"

"Nilinunua wako mmoja nikaupasua," akasema Nassibu bila haya. "Nilitazama kila waya ulikopita. Nimekuibia kwa macho, mama, na wangu unafanya kazi kwa sababu ni wako. Sasa kaniitie watu."

Mwahija akamrudishia mkia wake. Alikuwa amekuja kutafuta mwizi, akampata, lakini huyu aliiba sawasawa. Mtu aliyepasua mkia na kuutazama hawezi kukosea. Aliyekosea hakutazama. Alisikia.

Neno hilo halikumpendeza, kwa sababu siku ile ya mvua dukani walikuwapo wenye masikio wawili tu, Jerome na dada yake. Akiwa bado anasita, akapita sokoni kwa mama anayeuza udi, hina na wanja. Yule mama akamsalimia, akaongeza kwa sauti ya kuuma, "Siku hizi Devota naye kaingia uswahilini? Kabeba vichupa vya wanja vya kutosha bibi harusi na mashangazi wote. Na jicho lake nalitazama kila siku, halina hata doa."

Mwahija akaendelea na njia. Lakini kuanzia hapo, Devota akimwamkia shikamoo kutoka ng'ambo ya barabara, marahaba yake ilikuwa inatoka kavu. Alimwona msichana mzima ni uongo: kucheka kwake siku ile, vidole vyake kwenye mashine, hata lile gauni lake la kwendea kanisani. Alikumbuka kwamba Devota ndiye aliyekuwa anampokea redio mlangoni na kuzishika shika kabla ya kuziingiza ndani. Akajiambia: huyo ndiye, amejifunza kwa kusikiliza, akauza kwa siri, kaka yake akatangaza bila kujua. Ilimpa nafuu kidogo kuamini hivyo, kwa sababu alikuwa bado anataka Jerome awe mtu aliyedanganywa.

Akapanda basi la Lindi, akashuka Mchinga. Mnunuzi wa pale, Klementi, alimpokea kwa adabu iliyochanganyika na hasira. Redio zake zilikuwa zimepangwa juu ya meza kama samaki waliooza. Harufu ya kuungua bado ilikuwamo.

"Ndiye wewe mwenyewe?" akauliza.

"Ndiye mimi. Hii mikia umeipata wapi?"

"Imeletwa na kondakta, imefungwa gazetini. Imetoka dukani kwa Jerome. Kaniambia hewani, ni ya Mama Warda, safi kabisa, niingize redio zote mara moja. Diski yake alishanipa, na mimi nina kompyuta ya kaka yangu. Nikaziingiza. Zikatoa moshi."

"Nipe mmoja."

Kichupa kilikuwa cha wanja, lakini kipya. Karatasi yake ya dukani bado imeng'ang'ania. Kwenye vichupa vyake Mwahija hukuwa unaona karatasi, maana vilikuwa vimeshikwa na vidole vya wanawake mwaka mzima. Akaivunja nta kwa kisu cha Klementi. Waya wa kijani ulikuwa umekatwa, umefukiwa ndani. Uliotoka ukaenda moja kwa moja mdomoni kwa redio ni ule mkali, ule ambao yeye alizoea kuuona kwamba una rangi ya papai lililoiva.

Alikaa na ule mkia mapajani. Mtu gani anasikia maneno vizuri, anayarudia vizuri, halafu anautoa ule ambao ameambiwa usitoke? Nje ya kibanda palikuwa na mwanamke amepanga machungwa kwenye ungo, amemenya moja kwa mapambo. Mwahija alinunua moja ili apate kitu cha kushika. Lilikuwa limeiva, zito, tamu kwa harufu, na ganda lake kijani, kama machungwa yote ya pwani hii tangu azaliwe.

Akalitazama. Kisha akayarudisha macho kwenye mkia.

"Klementi," akasema, "nionyeshe hapa waya wa chungwa."

Klementi akaugusa ule mkali, wa papai. Hakufikiri hata kidogo.

"Nani kakufundisha kwamba hiyo ndiyo chungwa?"

"Shule, mama. Darasa la kwanza. Palikuwa na picha ukutani. Nyekundu, njano, rangi ya chungwa."

"Na hili nini?"

Klementi alilitazama tunda mkononi mwake, akatabasamu kidogo bila kupenda. "Chungwa."

"Rangi gani?"

"Kijani."

Mwahija aliomba ule mkia, akapewa, akaufunga kwenye ncha ya kanga pamoja na lile chungwa. Mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa ameelewa kitu ambacho kaka zake walikipata kwenye ule ukuta wa darasa: kwamba walifundishwa kuita kitu kwa rangi ambayo hawajawahi kuiona kwenye kitu chenyewe. Yeye alikuwa anaita chungwa kile alichokula, chenye ganda la kijani kama waya wake unaosema. Na aliyetengeneza mikia ile alikuwa mtu wa picha ya ukutani, aliyelisikia neno hilo kutoka mdomoni mwa Mwahija mwenyewe.

Alifika dukani saa ya mchana. Devota alikuwa peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Devota, ule wanja ulionunua ni wa nani?"

Msichana aliduwaa. "Wanja? Ule kaka alinituma. Alisema umeagiza wewe, vichupa vimekuishia." Akamtazama Mwahija usoni, akaona hapana wanja wowote ulioagizwa. "Si alikuletea?"

Jerome alitoka chumba cha nyuma akiwa anafuta mikono, akamwona, akatabasamu lile tabasamu la mtu anayetaka kuwahi.

"Mama Warda. Nilikuwa nakuja kwako. Lile jambo la hewani, ilibidi, unajua wateja..."

Mwahija akaweka chungwa juu ya kaunta.

"Hili nini?"

"Chungwa."

"Lina rangi gani?"

Jerome alilitazama. Kuna wakati uso wa mtu unafanya kazi bila ruhusa yake. Alilitazama tunda, akamtazama yeye, akaitazama kanga iliyofungwa fundo, na Mwahija akaona jambo lote linapita machoni mwake, kuanzia siku ya mvua mpaka moshi wa Mchinga.

"Wewe ndiye uliyesema chungwa," akasema. "Mimi nilifuata ulivyosema."

Mashine ya Devota ilinyamaza.

"Ulifuata wapi?" Mwahija akauliza. "Si mikia niliitengeneza mimi?"

Jerome akavuta kiti, akakaa. Akaanza kusema kwa sauti ya chini kwamba Klementi alitaka mikia haraka, kwamba yeye Mwahija alikuwa na kifua, kwamba alitaka kumpunguzia kazi. Akasema hakuna aliyemkosea mwenzake, ni lugha tu iliyowapitia kando.

"Lugha haikunitaja hewani," akasema Mwahija. "Uliyenitaja ni wewe, na ulipokuwa unanitaja ulijua mkono uliozilehemu ni wa nani. Basi kesho asubuhi litaje tena. Sema mikia ile ulitengeneza wewe."

"Nikisema hivyo nani ataniletea redio?"

"Mimi nani ananiletea?"

Devota akasema polepole, "Kaka, sema tu." Jerome alimwambia aendelee na kazi, naye akaendelea. Mwisho Jerome akainua mkono kama anayekula kiapo. "Sawa, Mama Warda. Kesho."

Kesho yake Mwahija alikuwa kwenye benchi la Khamisi kabla barafu haijapasuliwa. Redio iliwashwa. Kinjumbi wakasalimia, Mchinga wakasalimia. Jerome akaingia, akauliza hali ya bahari, akataja bei, akamtania mtu wa Songo Songo kuhusu posa yake, akasema ova. Mwahija alingoja mpaka redio ikabaki kukoroma peke yake.

Khamisi alikuwa ameshasimuliwa yote, na alikuwa ameuona ule mkia kwa macho yake. Alimletea chai kwenye kikombe cha mgeni.

"Dada yangu, nakuamini," akasema. "Lakini kompyuta ni yake. Nikigombana naye, redio zangu nikazifungulie wapi? Wewe mwenye haki, wewe ndiye unayeweza kuvumilia."

"Kwa hiyo haki ndiyo imeniponza."

"Kunywa chai, dada."

Aliinywa, maana ilikuwa tayari imetiwa sukari. Kesho yake alikuja tena, na siku iliyofuata. Jerome aliposikia kwamba anakaa pale kila asubuhi, alianza kuongea haraka haraka na kuwahi kusema ova.

Miaka imepita. Daraja la Rufiji limekwisha, minara ya simu imesimama, na wanunuzi wengi wameziweka simu zao za upepo juu ya makabati. Jerome anauza vocha. Wakikutana njiani anasema, "Mama Warda, yale ya zamani yamekwisha," na yeye humjibu kwamba hayajasemwa, yatakwishaje. Nassibu bado anatengeneza mikia michache ya watu wa boti, na huiita mikia ya Nassibu. Kinjumbi nako, alikozaliwa, mtu akiharibiwa kitu na kitu alichokiamini husema kachomekewa mkia wa Mwahija. Watoto wanalisema hilo bila kujua Mwahija ni nani. Warda alilisikia kutoka kwa mke wa kaka wa mumewe, akaja kumwambia mama yake huku analia.

Khamisi bado ana redio yake dirishani, kwa ajili ya boti zinazopita ng'ambo ya Songo Songo ambako simu haishiki. Vituo vinavyoitika asubuhi vimebaki vichache, lakini Kinjumbi kipo na Mchinga kipo. Mwahija huwa anakaa kwenye lile benchi anapopata nafasi. Devota anadaiwa na Mwahija, kwa sababu alisikia akarudi kwenye mashine. Khamisi anadaiwa naye, kwa chai ile. Lakini deni kubwa ni la Jerome, na halilipwi njiani wala kwa salamu: linalipwa hewani, asubuhi, Kinjumbi wakiwa wamewasha, kwa maneno kwamba mikia ya Mchinga aliitengeneza yeye Jerome, na Mwahija hakuigusa. Redio ya Khamisi iko wazi. Hajasema.